Mukono Uliomugusa Clovis

Karibu na Kabambare, Alhamisi

Yaya Pacifique, mukubwa wangu,

Nakusalimia wewe na watu wote wa nyumba yako pale Kasongo. Huku mupunga umeiva, lakini ndege ndio wanaokula, kwa sababu watu wanaogopa kwenda shambani. Mbuzi yetu ilizaa wawili.

Yaya, bwana yangu Clovis amekufa. Tulimuzika Jumatatu.

Unajua aliingia kwa vijana wanaolinda kijiji. Walimuchanja kifuani, wakamumwagia maji ya dawa, wakasema risasi haitamuingia. Mwiko ulikuwa mumoja tu: asiguswe na mwanamuke. Siku tisa nilimuwekea chakula chini, nikarudi nyuma. Siku ya kumi homa ikamushika, akatetemeka. Nikainua kichwa chake, nikamunywesha maji. Alipopata nafuu akaenda vitani. Risasi ilimuingia palepale walipomuchanja.

Sasa vijana wenzake wanasema ni mimi nilimuua. Mama yake hanisalimii tena. Rachelle, jirani yangu, aliniletea hirizi nifunge mulangoni, ati wasichome nyumba. Niliitupa motoni. Nimechoka na ulinzi unaoharibika mwanamuke akimunywesha mugonjwa maji. Ninaomba Mungu. Yeye hakuniambia nirudi nyuma.

Wamesema watakuja Jumapili. Watanikuta kanisani. Usije, njia ni mbaya. Kama hupati barua ingine, uniombee, na usiulize sana.

Mukono huu unaokuandikia ndio ulimugusa. Sijutii.

Ni mimi mudogo wako,
Émérance