Pua Yangu na Kiwanda cha Ernest

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Lameck kapiga simu kutoka Dar kabla sijamaliza chai. Salamu zimekuwa ndefu kuliko kawaida – nikajua kuna jambo. Jambo lenyewe ni kiwanda cha ngozi cha marehemu baba yake. Anasema kimekaa bure miaka mingi, popo wanaishi humo bila kodi, na mzee Tajdin wa pale mjini yuko tayari kukinunua awekee dagaa.

Dagaa! Ernest aliuza ng'ombe wake wote wa urithi akanunua kile kiwanda, wakati serikali inauza viwanda vyake. Akatengeneza ngozi mpaka viatu vya plastiki vikamshinda. Leo tuweke dagaa?

Nimesema siuzi. Tutafute biashara nyingine palepale. Tumevutana, mwisho tumekubaliana: nikipata mteja wa kweli, wa biashara yoyote ile, kabla Novemba haijaisha, kiwanda kinabaki chetu. Nisipopata, nasaini. Mwanangu anafanya kazi benki, sawa, lakini si lazima benki aje nayo kwa mama yake.

Jumatano, 9 Oktoba

Tumeenda kiwandani, mimi na binti yangu Gladness. Tajdin naye akaja kutazama. Mzee wa heshima, kofia safi, "Mwalimu" kila baada ya neno. Akaingia, akatoka. Akasema bila haya kwamba mahali pananuka, kwa hiyo bei nayo iwe ya mahali panaponuka. Nimecheka kimoyomoyo. Wafanyabiashara! Angesema hata popo wana deni, ilimradi bei ishuke. Kiwanda kimefungwa miaka kumi na tano. Harufu gani inakaa miaka kumi na tano?

Gladness alivaa barakoa muda wote. Vumbi linamsumbua, maskini.

Ningemuuliza Gladness kama kweli pananuka, ila siwezi. Niandike hapa kwa kuwa hapa hasomi mtu: pua yangu imekufa. Tangu ule ugonjwa wa mwaka ishirini na moja. Homa iliondoka, ikaondoka na harufu zote. Sijamwambia mtu. Mimi niliyefundisha sayansi kimu mpaka nikastaafu, niliyekuwa nikisimama mlangoni na kumwambia mwanafunzi wa mwisho darasani iliki imepungua kwenye sufuria lako – leo niseme sisikii hata kitunguu? Kitunguu nakiangalia rangi. Wali nausikiliza unavyolia sufuriani. Nimeunguza maharage mara mbili tu. Au tatu.

Jumamosi, 12 Oktoba

Kikao cha familia kwa simu, spika imewekwa mezani. Mada: kiwanda kiwe nini?

Gladness anataka jimu. Juu kuwe na launji. Kule saluni kwake Ipagala wateja wote wanalalamika vitambi, anasema, halafu wanaagiza chipsi. Lameck anasema hosteli ya wanafunzi, kwa sauti ya mtu asiyeamini anachosema. Munira, jirani yangu hapa Makole, alikuwa amekuja kuomba limau, akajikuta mjumbe. Kasema tufuge kuku. Gladness kauliza kuku watakaa wapi na yale mashimo. Yale mashimo ya kulowekea ngozi kwa magome ya miti! Nilikuwa nimeyasahau. Sita, kila moja unaweza kumzamisha ng'ombe.

Mimi nimesema ukumbi wa sherehe. Paa la juu, sakafu ya saruji, uwanja wa magari mpaka reli. Dodoma hii kila Jumamosi mtu anaoa na kumbi zimejaa mpaka watu wanagombana. Mashimo tutayafunika mbao, tuweke maharusi juu yake. Kimya kwenye simu. Nikachukulia wamekubali.

Jumanne, 22 Oktoba

Tumejaribu kwanza hosteli, ili Lameck asiseme sikumsikiliza. Wamekuja wanafunzi wanne kutoka Chimwaga. Shikamoo nzuri, viatu vyeupe. Wameingia. Hata sijafika kwenye habari ya madirisha, wametoka. Eti wana test. Wote wanne, kozi tofauti, test moja!

Mmoja ameniambia, "Mama, pako fresh sana, tutakutafuta." Akasema bila kuvuta pumzi. Vijana wa siku hizi wana haraka hata ya kuongea.

Ijumaa, 1 Novemba

Siku njema! Paulina wa kanisani kwetu amekuja na kamati ya kwaya. Wanatafuta ukumbi wa sherehe yao, na mbele kuna harusi tatu za wanakwaya. Hawa wakichukua, Lameck ananyamaza.

Nimewatembeza. Nikawaonyesha mapipa makubwa ya mbao ambamo ngozi zilizungushwa, nikawaeleza jinsi Ernest alivyokuwa akisimama pale juu, kaptula na buti, akipigia watu kelele kwa Kigogo na akiwaomba radhi kwa Kiswahili. Paulina akaanza kutoa machozi. Kisha mhazini. Kisha wote, vitenge usoni! Sikujua kama Ernest alipendwa hivyo. Na mimi nikalia. Tumesimama pale tunalia, watu wazima, katikati ya mavi ya popo.

Wakasema watajadiliana. Paulina amenishika mkono, akasema nina moyo wa ajabu, kukaa mahali pale. Nimelala mchana vizuri sana.

Jumapili, 3 Novemba

Kanisani Paulina kanikwepa. Mara viatu, mara Biblia, mara mtoto wa watu. Nimeudhika.

Jumatano, 6 Novemba

Nimefunga mlango kwa ufunguo, naandika.

Nilipita dukani kwa Munira, pale anapouza udi na manukato. Kanipa kichupa. Kasema ni mafuta mapya, yametoka Unguja, ninuse nimpe maoni. Nikafanya kama ninavyofanya siku zote: nikafumba macho, nikavuta pumzi, nikatikisa kichwa taratibu. Nikasema ni matamu. Ya kistaarabu. Yanafaa bibi harusi.

Yalikuwa mafuta ya taa.

Munira hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha – Munira anacheka hata msibani. Akarudisha mlango nusu, akanimiminia kahawa. Kumbe ana wasiwasi tangu nilipompelekea maziwa yaliyochacha nikimsifia ng'ombe. Akauliza tangu lini. Nikamwambia. Akaweka birika chini, akasema, "Basi hujui."

"Sijui nini?"

"Mama Lameck, kiwanda chako kinanuka. Kinanuka mpaka mtu anatoa machozi."

Alhamisi, 7 Novemba

Wote walijua! Gladness na vumbi lake. Wanafunzi na test yao. Paulina na kitenge chake! Walidhani nasikia kama wao na ninavumilia kwa ajili ya marehemu. Wakaona aibu kunigusia. Mtu mmoja tu alinieleza ukweli, mzee Tajdin, na huyo nilimdhani mjanja.

Sijapika leo. Nimekula mkate na ndizi, vitu visivyohitaji pua.

Ijumaa, 8 Novemba

Nimeamka nikiwaza jambo moja tu. Enzi zile Ernest akirudi kazini nilikuwa namzuia mlango wa nyuma. Haingii mtu! Ndoo ya maji nje, sabuni ya mche, nguo anaziacha kwenye kamba. Hata usiku wa baridi ya Juni. Naye anasimama pale anajikunja, anasema, "Mama Lameck, usinifukuze, nasubiri maji yapate moto." Alikuwa ananuka kweli, jamani. Siku ya kwanza ya kiwanda nilidhani ameleta mzoga mfukoni.

Sasa kila mtu Dodoma anaweza kuisikia ile harufu isipokuwa mimi. Ni haki hiyo?

Ijumaa, 15 Novemba

Munira kanisuta mpaka nimeamka. Kasema duka lake zima ni vita dhidi ya harufu, hatutashindwa na ngozi. Tumechagua upya: biashara gani haijali uvundo? Nguruwe – Munira kasema nimtafute shoga mwingine. Mbolea – jirani wa upande wa pili ana bunduki. Matairi, nani atanunua matairi kwangu? Mwisho tumerudi palepale: ukumbi, ila usafishwe.

Chokaa mashimo yote. Mkaa magunia kwenye kona. Popo wamefukuzwa, wamerudi, wamefukuzwa. Munira ndiye pua: anaingia, ananusa, anatoka, anatoa alama kama mimi enzi zangu. Tulianza na sifuri. Jana kanipa arobaini. Leo hamsini na mbili, nimefaulu chupuchupu!

Nimempigia Paulina nikamwambia ukweli wote, hata wa pua. Kacheka mpaka kikohozi. Amekubali wafanye sherehe ya kwaya pale tarehe thelathini, bure, kwa majaribio. Wakiridhika wanasaini na harusi zote tatu. Nimemwomba asimwambie mtu habari ya pua. Ni mwanakwaya, kwa hiyo wataambiwa sauti ya kwanza tu.

Alhamisi, 28 Novemba

Joto la kukaanga. Wingu limekaa upande wa Chimwaga tangu juzi, halishuki wala haliondoki. Watu wote wanaliombea. Mimi naliombea lisubiri Jumapili.

Lameck amefika, na karatasi za mauzo kwenye bahasha ya plastiki. Kanibusu, kaniuliza kwa nini sikumwambia habari ya pua. Gladness naye kalia. Kumbe sauti ya kwanza ni watu wengi. Nimemuuliza Lameck kwa nini yeye hakuniambia habari ya uvundo. Akatazama sakafu. Akasema alifikiri naupenda.

Jumamosi, 30 Novemba

Naandika nimekaa juu ya pipa la Ernest, ndani ya kiwanda. Nje mvua. Si mvua – ni mtu anamwaga mawe juu ya bati.

Asubuhi ilikuwa nzuri mno. Vitambaa vyeupe, udi kila kona, pilau nimepika mimi na Munira akaonja kila hatua. Kwaya imeimba nyimbo mbili, na paa lile likazirudisha sauti zao vizuri kuliko kanisani. Munira kanionyesha vidole: sabini! Tajdin alikuwa nje ndani ya gari lake, anasubiri kwa adabu nishindwe. Paulina kaninong'oneza kwamba wakishakula wanasaini.

Wimbo wa tatu, tone la kwanza. Watu wakapiga vigelegele, si mvua ya kwanza? Mimi peke yangu sikupiga. Maji yakapata njia kwenye mfereji wa zamani, yakaingia chini ya mbao, yakashuka kwenye mashimo. Chokaa ikachemka.

Nimeuona uvundo unavyotembea, kwa macho. Sauti ya kwanza wamenyamaza katikati ya neno. Kisha sauti ya pili. Wanaume wa besi wamevumilia ubeti mzima, Mungu awabariki. Halafu wote nje, na sahani zao, wakaona heri waloe. Paulina kaniomba msamaha akiwa anakimbia. Munira, komando wangu, katangulia kuliko wote.

Lameck akabaki. Akaja na bahasha, leso puani. Akanipa kalamu. "Mama, umejitahidi. Imetosha."

Nikaipokea. Nikainama nisaini. Na hapo – sijui niandikeje. Nilidhani kitu kimenikwama kooni. Kitu chachu, cha chumvi, chenye magome ndani yake, na ng'ombe. Kikapanda. Nikavuta pumzi tena, kikaja tena. Mlango wa nyuma. Ndoo. Mtu wangu anajikunja kwenye baridi, anasubiri maji yapate moto.

Nimejaribu pilau: hakuna kitu. Nimejaribu udi, nimeuweka karibu na pua mpaka jivu limenidondokea. Hakuna. Hii tu.

Nikaogopa ni akili inanidanganya. Nikamuuliza Lameck panasikika vipi, aniambie bila adabu. Aliondoa leso taratibu. Alivuta pumzi. "Kama baba akitoka kazini," akasema. Sauti yake haikuwa ya benki.

Sasa amekaa kwenye ngazi, anatazama mashimo. Leso iko mfukoni. Nje Tajdin anapiga honi mara mojamoja, honi ya heshima, na Gladness ananiita kutoka kwenye basi la kwaya nitoke nitaugua. Novemba inaisha leo. Biashara sina. Mteja ameloa.

Kalamu ya kusainia ndiyo hii ninayoandikia. Anayeitaka asubiri. Ernest nilimfukuza mlangoni miaka yote ile, leo namwacha aingie na nguo zake hivyohivyo, na bado sijamaliza kunusa.