Ncha Mbili za Waya

General Roca, 3 Septemba

Babu Fermín,

Shikamoo. Je, upepo wa huko uwandani mwaka huu umekuachia paa? Huku tu wazima, na mitufaa imeanza kuchanua. Mama anakusalimu. Babu Eleuterio hakusalimu kwa sababu hajui kwamba nakuandikia.

Ulinitembelea mara moja nikiwa mdogo, nami nikajificha nyuma ya Mama mpaka ukaondoka. Kwenye karatasi najiweza zaidi.

Miaka miwili sasa ndugu yako hajaja kwenye señalada kukusaidia kuwatia wana-kondoo alama masikioni. Alikutumia salamu kwa redio kwamba goti linamsumbua. Babu, goti ni zima. Shida ni usingizi. Akilala anakoroma, katikati ya mkoromo pumzi inakatika, kisha anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Daktari amempa mashine ya kupumulia, yenye barakoa na bomba, na amemkataza kulala hata usiku mmoja bila hiyo. Mashine inataka umeme wa ukutani, na kwako hakuna. Angekuambia, lakini salamu za redio zinasikilizwa uwanda mzima, naye anaona haya.

Sasa nimepata wazo. Ile karavani yetu ya kuvutwa na gari bado iko uani. Ina betri mbili katika sanduku la mbele na paneli ya sola juu ya paa. Nimesoma katika kitabu cha maktaba kwamba kuna kifaa kiitwacho inveta, kinachochukua umeme wa betri na kuugeuza uwe kama wa ukutani. Nataka kukifunga mwenyewe. Mjomba Abel amekubali kuivuta karavani.

Kabla sijatoboa mbao naomba uniambie mawili. Njia ya kwako inapitika? Na je, ungependa aje?

Mjukuu wako,
Maitén


Uwandani, 19 Septemba

Mjukuu wangu Maitén,

Marahaba. Mimi mzima, mgongo unalalamika lakini bado haujagoma. Barua yako imeletwa na Baltasar wa lori la sufu, ikinuka kondoo kuliko kondoo wenyewe.

Goti! Nimelinunia goti hilo miaka miwili. Baltasar aliniambia kwamba Eleuterio alikwenda harusini Bahía Blanca. Nikajiuliza ni goti gani hilo linalocheza harusini lakini haliwezi kuja kwa ndugu. Hata salamu za Mwaka Mpya sikumtumia.

Njia inapitika. Na ndiyo, aje. Mwambie kwamba kondoo nimemwahidi jirani baada ya señalada ya Novemba. Macho yangu hayatofautishi tena kondoo na jiwe mpaka jiwe litembee. Hii itakuwa ya mwisho, na ya kwanza tuliifanya pamoja tukiwa hatujaota ndevu. Mwambie pia sitamcheka kwa ile barakoa. Labda kidogo.

Lakini nieleze, wewe msomi. Betri ya redio yangu imeandikwa kumi na mbili. Baltasar anasema ukutani ni mia mbili na ishirini. Hizo nyingine zinatoka wapi? Usiniambie ni uchawi, maana marehemu bibi yako mkubwa alishanichosha na huo.

Babu yako,
Fermín


General Roca, 2 Oktoba

Babu Fermín,

Shikamoo, na pole kwa mgongo. Sisi wazima, ila Mama ana mafua.

Hizo nyingine hazitoki popote. Hata mimi nilikwama hapo siku nzima. Namba hizo ni volti, na volti si wingi wa umeme, ni msukumo wake. Inveta inatoa wingi ili ipate msukumo: kikitoka kidogo upande wa ukutani, upande wa betri inakunywa karibu mara ishirini. Ni mlevi mwenye sauti kubwa.

Nimeshaifunga. Nimeikaza kwa skrubu kwenye ubao karibu na mto wa Babu, ili asilazimike kuamka kuizima, na nimeiachia nafasi ya kupumua maana nayo inapata joto. Karibu na betri nimeweka fyuzi, ili waya ukipata hitilafu ikatike fyuzi, isiungue karavani. Kutoka mbele mpaka kitandani kulikuwa na waya wa zamani wa taa ya kusomea, kwa hiyo nikautumia huohuo. Taa ya kijani ikawaka. Nilikaa sakafuni nikaitazama tu.

Kisha nikaenda kumwita Mama aje aone. Tuliporudi, Babu alikuwa ameketi kitandani, kibuyu cha chai ya yerba mkononi, majani yameshalowekwa, na birika la umeme limechomekwa. Inveta ikalia kama paka aliyekanyagwa, taa ikageuka nyekundu, fyuzi ikaungua. Lile birika linataka mara tatu ya uwezo wa inveta.

Babu akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Nyumba yenye umeme isiyochemsha maji ya yerba ni nyumba gani hiyo?"

Kitabu kinaonya juu ya friji, pasi na mashine za kukaushia nywele. Juu ya yerba hakisemi neno. Nadhani aliyekiandika ni mtu wa Ulaya.

Fyuzi nimebadilisha. Jumapili Babu atalala siesta yake ya mchana humo na mashine yake, tuone. Nilipomwambia kuhusu kondoo kuondoka, alikwenda kunoa kile kisu chake cha señalada.

Mjukuu wako,
Maitén


General Roca, 13 Oktoba

Babu Fermín,

Shikamoo. Sijasubiri jibu lako kwa sababu sina mwingine wa kumwambia.

Jumapili nyumba nzima tulinong'ona. Babu alivaa barakoa, akavuta pazia. Ndani ya mashine kuna kikombe cha maji kinachopashwa moto ili hewa isimkaushe pua. Maji yalipoanza tu kupata joto, inveta ikalia, ikaonyesha kwamba betri imekwisha, ikajizima. Nikaiwasha tena, ikalia tena. Nikapima betri kwa mita ya shule niliyoazima. Zimejaa kabisa.

Babu alitoka na alama za barakoa usoni. "Mimi ndiye niliyeiua," akasema. "Kwa birika." Mama alisema tununue nyingine. Babu akajibu kwamba hiyo nyingine ataiua kwa pasi. Amefunika karavani kwa turubai, na kisu amekirudisha kabatini. Nilitaka kumwambia kwamba sidhani ni birika, lakini sikuwa na jambo jingine la kulaumu.

Ijumaa atakutumia salamu redioni kwamba goti halijapona. Ukizisikia, tafadhali usikasirike.

Mjukuu wako,
Maitén


Uwandani, 28 Oktoba

Mjukuu wangu,

Marahaba. Barua zako mbili zimefika kwa lori moja, ya kucheka na ya kununa. Kwa ile ya birika nimecheka mpaka mbwa akatoka nje.

Salamu nilizisikia. Jirani alikuwa hapa anahesabu kondoo watakaokuwa wake. Akasema, pole kwa goti la nduguyo. Nikasema asante. Hivyo ndivyo tunavyozeeka, mimi na Eleuterio, tukidanganyana mbele ya uwanda mzima.

Lakini kuna kitu kinaniwasha tangu nisome. Betri imejaa, wewe umeipima. Inveta inalia kwamba betri imekwisha. Hiyo inveta inaijuaje betri? Ina macho? Mimi nikitaka kujua hali ya Eleuterio namuuliza Baltasar. Yenyewe inamuuliza nani?

Nijibu upesi. Wana-kondoo hawangoji, masikio yao yanakuwa magumu.

Babu yako,
Fermín


General Roca, 8 Novemba

Babu Fermín,

Shikamoo, shikamoo. Sisi wazima sana.

Swali lako nililibeba mpaka kwenye kipindi cha historia, na mwalimu akaniita mara mbili nisisikie. Inveta haina macho. Inajua kile tu kinachofika mlangoni pake. Na mimi nilipima betri kwenye betri! Mlangoni pa inveta sikuwahi kupima.

Niliondoa turubai Babu akiwa sokoni. Nikawasha mashine, nikangoja maji yapate joto, nikapima ncha zote mbili za waya. Upande wa betri umeme ulikuwa mzima. Upande wa inveta ulifika umechoka, kama betri iliyokaribia kufa. Kisha nikaushika waya. Ulikuwa na joto kama mkate.

Ni ule waya wa taa, Babu. Mwembamba mno, na mrefu mno kwa umeme wa betri. Niliutumia kwa sababu tu niliukuta pale. Birika halikuua kitu. Betri ilisema kweli na inveta ilisema kweli, kila mmoja kwa upande wake. Kilichopungua kilipotea njiani.

Ikabidi niende duka la vifaa vya umeme, penye wanaume wanaopiga soga kaunta nzima. Niliandika nilichotaka kwenye karatasi, lakini muuzaji hakuwa na miwani yake, ikabidi niseme. Nikaomba waya mnene kama kidole changu, mfupi kama mkono.

"Unawasha tingatinga, binti?"

"Nawasha babu," nikasema. Walicheka wote, na cha ajabu hata mimi nikacheka.

Sasa inveta nimeihamishia mbele, ndani ya kabati la mlangoni, jirani na betri lakini si sanduku moja nazo, kwa sababu betri zikichajiwa hutoa gesi. Waya mnene ndio mfupi. Ule mrefu unaokwenda kitandani unabeba umeme wa ukutani, wenye msukumo mkubwa, nao haujali safari. Babu alianza kunitazama kwa dirisha la jikoni. Baadaye akaja na kiti. Mwishowe alikuwa amenishikia tochi na kunilaumu kwamba nakaza skrubu kama ninayefunga chupa.

Jana alilala siesta mpaka mechi ikamalizika, na hakuna aliyethubutu kumwamsha.

Wanaondoka wiki ijayo, yeye na Mjomba Abel. Mimi nina mitihani. Sitauona usiku wake wa kwanza huko, na hilo linanikereketa kuliko mitihani yenyewe. Siesta si usiku. Nakuomba kitu kimoja: asubuhi, kabla mashine haijazimwa, fungua kabati la mlangoni uushike waya mnene. Niambie ulivyo.

Mjukuu wako,
Maitén


Uwandani, 24 Novemba

Mjukuu wangu Maitén,

Marahaba. Mgongo umegoma kabisa, na sijawahi kuwa mzima kama leo.

Kwanza ile redio. Nilikuwa na jirani tena. Msomaji akasoma: "Kwa Fermín wa uwandani. Nakuja Alhamisi na karavani na mashine yangu ya kupumulia. Goti ni zima na lilikuwa zima. Ni mimi ndugu yako, Eleuterio." Jirani akaniangalia. Nikamwambia alete kondoo mmoja wa kuchoma, kati ya wale aliodhani ni wake.

Aliposhuka garini tulisalimiana kama watu waliokutana benki. Tukala. Wakati wa kulala akasimama mlangoni pa karavani na kile kibarakoa mkononi, akaniambia, "Haya, cheka." Nilikuwa nimeandaa maneno mengi tangu Septemba. Nikamwambia tu kwamba kinamkaa vizuri kuliko uso wake.

Sikulala sana. Kulipopambazuka nikaenda na birika, la moto wa kuni, usiogope. Humo ndani kulikuwa kimya, nami nimezoea mkoromo wake tangu tukilala ngozi moja. Nikaogopa. Nikaingia polepole, nikasikiliza. Pumzi inaingia, pumzi inatoka, bila kukwama, kama kondoo anayecheua. Taa yako ya kijani inawaka. Nikapiga magoti, na ya kwangu ndiyo mabovu kweli, nikafungua kabati, nikaushika waya.

Ulikuwa baridi, mjukuu. Baridi kama jiwe la kisimani. Niliendelea kuushika, sijui kwa nini, mpaka akaamka mwenyewe na kuniuliza natafuta nini kwenye kabati lake.

Señalada imekwisha. Yeye alikata, mimi nilishika, na tuligombana juu ya kila sikio. Kondoo waliondoka jana. Uwanja wa zizi ni mtupu, nami nilidhani siku hiyo ningekaa peke yangu kuutazama.

Abel anarudi kesho na barua hii. Karavani inabaki. Eleuterio amesema atakaa mpaka yerba iishe, na amekuja na mfuko mmoja. Mimi ninayo mitatu chini ya kitanda. Usimwambie.

Babu yako,
Fermín