Matumbawe Yameshika

Kaka yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta salama, na wifi kile kikohozi kimemwacha. Huku hatujambo. Mama bado ana nguvu za kutugombeza kila asubuhi, kwa hiyo ujue ni mzima wa afya.

Kaka, leo kalamu inanikimbia. Matumbawe yameshika.

Nilishakueleza kwamba karakana yetu ilipata kazi ya kuchomelea viunzi vya nondo vya kuotesha matumbawe. Mafundi wenzangu walinicheka, wakasema natengeneza vitanda vya samaki. Kazi yenyewe ililetwa na mtafiti tunayemwita Bi Miwani, maana humwoni bila miwani, kama si ya kusomea basi ya kuzamia. Ndiye aliyenifahamisha kwamba yale tuliyoyaita mawe ni viumbe hai, na bahari ikipata joto la kupindukia hupauka, yakawa meupe kama mifupa, na joto likikawia hufa. Mwamba wetu ulipatwa na yote mawili. Kwanza baruti za wavuvi ziliusaga ukawa kokoto, kisha likaja joto. Na kwenye kokoto tumbawe changa halishiki, kila wimbi hulibiringisha. Ndiyo maana ya viunzi: lipate pa kujishikiza.

Tulifunga vipande vya matumbawe hai kwenye viunzi kwa waya, vikashushwa baharini. Hatujakaa sawa, joto likarudi. Bi Miwani akawa hata chai haimpiti kooni. Alituambia matumbawe ya kule mbali yameanza kupauka, nami nikajua kazi yetu imekwenda na maji. Tukangoja mpaka bahari ilipopoa.

Sasa nikwambie nililoficha. Aliyeshuka kuangalia ni mimi. Bi Miwani amekuwa akinifundisha kuzamia, na mama akidhani niko karakana.

Kaka, sitakudanganya, vipo vilivyokufa. Viunzi vya pembeni vimebaki vyeupe, na moyo uliniuma. Lakini vya katikati vimejaa rangi, kahawia na zambarau, na matumbawe yameumeza ule waya niliouzungusha kwa mikono yangu. Visamaki vidogo vya buluu vilikuwa vikiingia na kutoka kama wenye nyumba. Nilipiga kelele na mpira wa hewa mdomoni, mapovu yakanitangulia juu. Bi Miwani alidhani nimeumwa na kitu.

Na pale mahali, kaka, ni palepale baruti ilipomlipukia baba mkononi. Niliomba mwenyewe viunzi vya kwanza viwekwe pale. Sikumwambia mtu sababu.

Jana nilimweleza mama yote. Nilijiandaa kwa matusi, maana unajua tangu msiba ule hataki hata kuisikia bahari. Hakunigombeza. Aliendelea kukunja nguo, kisha akaniuliza kama samaki wapo kweli. Nikamwambia wapo. Akaikunja nguo ya mwisho, halafu akasema, "Baba yenu hakuwa mtu mbaya. Ilimsukuma njaa ya watoto wake." Nikamjibu kwamba najua.

Leo alfajiri nimemkuta mlangoni, kajifunga khanga yake nzuri, ananiuliza chombo chetu kinaondoka saa ngapi.

Ananiita, nakatisha hapa. Msalimie sana wifi, na ukipata likizo njoo uone kwa macho yako.

Mdogo wako akupendaye,
Cheche