Majani ya Fensi ya Mchungaji

Mama,

Nimekasirika, na wa kumwambia ni wewe tu. Ndugu yangu Okoth amenipigia simu leo. Jumapili kuna ibada ya kukukumbuka huko Kericho, na mchungaji atasimulia tena vile pepo walivyokuandama hadi ukafa. Halafu akaniambia, "Akinyi, tafadhali, usituletee mambo ya lebu kanisani."

Mambo ya lebu, ya maabara yangu! Karatasi ya daktari iliyosema ni ugonjwa wa kusahau aliitia mfukoni na hajaitoa hadi leo.

Ile fensi ya miti ya mchungaji siisahau. Ulikuwa umeshastaafu kuchuma chai, ukaingia kwake asubuhi na kapu mgongoni, ukaichuma yote: majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Fensi haikuwa chai, lakini uchumaji wako haukuwa na kosa. Miaka yote ya shambani ilikuwa bado mikononi mwako. Wao kanisani wakaona pepo. Wakakufungisha siku tatu bila chakula, wewe ambaye hukuweza hata kukumbuka kwa nini una njaa. Ukaniuliza, "Kwani nimekosea nani?"

Uliwahi kuniuliza kazi yangu ni ipi, nikakujibu haraka haraka. Nisamehe. Kwenye ubongo kuna protini inaitwa tau. Haina umbo moja, inajikunja na kujikunjua kama uzi uliolegea. Tunaitia kwenye kichupa chembamba ndani ya sumaku kubwa, mashine ya NMR, na karibu kila kipande chake kinatokea kwenye skrini kama nukta. Fosfeti, kemikali ndogo, ikijibandika kwenye kipande, nukta yake inahama. Zikijibandika kupita kiasi, kama katika ugonjwa wako, tau inaacha kazi yake na kugandana mabonge, na seli zinakufa. Jana nilizitazama nukta zikihama, moja, kisha nyingine. Nilipiga meza mpaka wenzangu wakageuka. Pepo gani, Mama? Pepo gani?

Lakini hasira kubwa ni juu yangu mwenyewe. Haya yote niliyajua siku ya mazishi. Mchungaji alikemea pepo wako pale kaburini, nami na digrii zangu nikainamisha kichwa, nikasema amina.

Pumzika, Mama. Jumapili nitasimama kabla mchungaji hajashika maikrofoni, na ile amina nitaikana mbele ya watu wote.

Binti yako,
Akinyi