Mama Enea na Mashine ya Kahawa

Hasamba, Mbozi

Mjukuu wangu Atupele,

Huku hatujambo. Babu yako mguu umepona, na kahawa imeanza kuiva.

Unasema kazi yako ni kuchunguza watu wanavyotumia programu za simu, na wakubwa wako wanadai wanaoshindwa ni wajinga. Unauliza uwajibu nini.

Hata mimi niliwahi kusema hivyo. Nikiwa msichana, chama cha wakulima kilinituma kuwafundisha akina mama kutumia mashine ya kumenya kahawa. Nilipoondoka tu, waliiacha. Nikaripoti kwamba ni wabishi.

Siku moja nilirudi, nikakaa kimya nikamtazama mmoja wao, Mama Enea, akijaribu tena kuizungusha, mtoto mgongoni. Kila mzunguko ilimbidi asimame kwa vidole vya miguu, maana mkono wa mashine ulikuwa juu mno.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Hukuniuliza, binti. Ulikuwa unafundisha tu."

Niliona aibu. Fundi alikata miguu ya mashine, na akina mama wakaanza kupokezana kuizungusha.

Wakalishe wakubwa wako karibu na mtumiaji mmoja, watazame bila kusema. Ila usiwakasirikie. Huenda hakuna aliyewahi kuwaonyesha.

Bibi yako anayekupenda