Nguzo ya Kushoto

Lieksa, Jumapili

Mume wangu Aatos,

Sisi wazima. Sylvi anaota jino la tatu, halali, kwa hiyo nami silali. Nimekuandikia barua pepe kwa sababu kwenye simu utanichekesha nisahau ninalotaka kusema.

Jana alasiri mimi na baba tulikutazama kwenye televisheni ukicheza magongo ya barafuni. Miaka kumi na minne unalipwa kusimama golini mbele ya kisahani kigumu ambacho wenzako wanakikwepa, na bado ukikidaka mwili wangu unasisimka. Kipindi cha tatu nilitaka kusema hujafungwa hata moja, baba akaninyooshea kijiko. "Nyamaza, mwanangu. Neno hilo halitamkwi kabla ya kengele ya mwisho. Utamtia nuksi mkwe wangu." Mechi ilipokwisha akasema, "Huyo si kipa, ni mlango wa ghala. Ila nywele ndizo zinamkimbia."

Nilicheka. Lakini baba hakuona nilichokiona. Tangu nikujue, huzigonga nguzo za goli kwa gongo lako bila kugeuka, kama mtu anayepapasa kitanda chake mwenyewe. Jana, baada ya yule beki kukuangukia kichwani, uligeuka kuitafuta nguzo ya kushoto. Nilihesabu mara tano. Na najua hukumwambia mtu.

Kesho asubuhi mwambie daktari wa timu kwamba kichwa kiliumia. Usipomwambia, saa sita mchana nitampigia mimi, na hasira zako nitazipokea hapa nyumbani. Kama jana ndiyo ilikuwa mechi yako ya mwisho, basi umeondoka bila kufungwa.

Nakujua hata ukiwa ndani ya kinyago cha kipa.

Mkeo,
Hilppa