Dakika thelathini na tano kutoka Walikale

Muheto, Jumatano. Ukungu tangu asubuhi, na mimi nina aibu.

Jumapili kaka yangu Bahati alipiga simu. Amechoka kuchimba mawe huko machimboni Omate, anarudi nyumbani baada ya miaka mitatu. Mama akaniuliza ni mbali kiasi gani. Mimi mwenye simu kubwa nikajifanya mjuzi, nikatafuta kwenye intaneti. Omate haimo, Muheto haimo. Kilichomo ni viwanja vya ndege: Walikale upande wake hadi Goma upande wetu, kilomita mia na thelathini na kitu, dakika thelathini na tano angani.

Nikamsomea Mama hivyo hivyo. Alifurahi sana, nikakosa moyo wa kuongeza neno.

Bahati hana ndege. Ndege zenyewe Goma hazitui siku hizi. Anakuja kwa miguu, akibahatika kwa pikipiki.

Jumatatu muuguzi alikitazama kidonda cha mguu wa Mama. Uvimbe umefika gotini. Akasema apelekwe hospitali wiki hii, tusicheze na mguu huo. Mama akakataa.

"Mutoto iko dakika makumi tatu na tano," alimwambia. "Atafika akute nyumba tupu?"

Kwetu wafugaji, mtoto akitoka safari ndefu mama ndiye humpa maziwa ya kwanza, kwa mkono wake. Jumatatu jioni Mama aliweka maziwa kwenye kibuyu, hakuna kugusa. Yakalala, yakaganda. Jana akaweka mengine. Aliketi mlangoni, mguu juu ya kigoda, akitazama njia. Mguu ulikuwa umeanza kunuka.

Niliogopa. Nilikuwa naweza kumpoteza kwa sababu ya uvivu wangu wa kusema ukweli.

Leo asubuhi nimepiga magoti mbele yake nikasema yote. Dakika zile ni za ndege. Bahati ameanza safari jana tu, na kwa njia hizi hatafika kabla ya wiki kuisha, pengine ni wiki ijayo.

Nilingoja anigombeze. Alihesabu kwa vidole.

"Kumbe iko mbali hivyo?"

"Iko mbali, Mama."

"Basi niko na wakati. Munibebe kesho, nirudi mbele yake."

Siku tatu nimemzuia kwa ukaribu wa uongo, na umbali ndio umemwondoa mlangoni. Nimelia jikoni, kisha nikaenda kutafuta wanaume wanne wa kubeba kipoyi, machela yetu ya miti. Ni nusu siku nzima kwenda hospitali, wakimbeba polepole.

Sijui kama atarudi kabla ya Bahati. Nimefunga kibuyu kitupu kwenye mzigo wake, maziwa tutapata hukohuko. Bahati nimemwandikia apitie hospitali kwanza, Mama atamngoja huko.

Naye ameniuliza kutoka alipo hadi hospitali ni dakika ngapi. Nimemwambia atembee tu.